Mama wa Langoni, usiuache unga wa ngano kabla ya kupimwa

Swali

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 58, nakaa Langoni, Lamu. Tangu mwaka juzi tumbo langu linaendesha, maji matupu, mara sita hadi nane kwa siku, na usiku linaniamsha. Nimenyweshwa dawa za amiba mara nne na za homa ya matumbo mara mbili, sikuona nafuu. Mwaka huu mwanangu alinipeleka Mombasa nikapimwa kwa kamera. Daktari alisema utumbo ni safi, lakini alikata vinyama akavipeleka maabara, na majibu yakaja kwamba nina kolaitisi ya hadubini, yaani uvimbe wa utumbo mpana usioonekana ila kwa hadubini. Nikapewa budesonidi kwa wiki nane, nikapoa kabisa. Mwezi mmoja baada ya kuimaliza, ugonjwa ukarudi. Mpwa wangu aliye ng'ambo akanambia kinachonimaliza ni gluteni, niache ngano. Niliacha siku tisa, nikaona afadhali. Kisha tukawa na harusi. Nikala mahamri kwa mbaazi na chai ya maziwa, na kwa vile nilisimama jikoni siku mbili, nikameza vile vidonge vyangu vya magoti. Haikupita siku ya pili, tumbo likachachamaa upya. Shida yangu ni kwamba mimi ni mpishi wa mahamri, nauza kila asubuhi, mwaka wa ishirini huu. Je, nimwage unga?

Jibu

Waalaykum salaam, mamangu. Pole kwa miaka miwili ya kukosa usingizi, na pole zaidi kwa dawa za amiba ulizonyweshwa mara nne kwa ugonjwa usiokuwa wa amiba. Mimi ni mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, nafanya kazi hapa Malindi, na nimelelewa kwenye nyumba ambayo alfajiri yake ilinukia iliki na mafuta ya karai. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana ndani yake kuna riziki ya nyumba.

Unga usiumwage. Tena usiache kuila ngano kwa sasa, mpaka utolewe damu. Najua umetarajia kinyume chake, kwa hivyo nipe nafasi nikueleze. Katika barua yako kuna mambo mawili umeyataja kwa kupitia tu, na mimi ndiyo yaliyonishika: vidonge vya magoti, na sahani yenyewe ya harusini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Daktari wako wa Mombasa alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: aliuona utumbo safi na bado akakata vinyama. Kolaitisi hii haionekani kwa macho wala kwa kamera. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana inang'aa kama ya mtu mzima wa afya, lakini ukiiweka chini ya hadubini unakuta mojawapo ya mambo mawili. Ama chini ya ngozi hiyo kuna utando wa kolajeni ulionenepa kupita maikromita 10, ama chembe nyeupe za damu, zile limfosaiti, zimejipenyeza ndani ya ngozi, 20 au zaidi kwa kila seli 100. Aina ya kwanza ilielezwa mwaka 1976 na daktari wa Sweden, C. G. Lindström. Jina la ugonjwa lenyewe lilianza kutumika mwaka 1980. Ni ugonjwa uliopewa jina juzi tu, na ndiyo sababu mtu anaweza kuzunguka kliniki miaka miwili asikutane na anayeutaja. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 50. Kazi ya utumbo mpana ni kunywa maji yaliyobaki kwenye chakula. Ukivimba namna hii hauyanywi, na maji yote yanashuka. Damu haitoki. Na hili nalisema kwa sababu najua linakukosesha usingizi kuliko tumbo lenyewe: ugonjwa huu haugeuki kuwa saratani ya utumbo.

Sasa vidonge vya magoti. Hukutaja jina lake, na sishangai. Kwetu vidonge hivi hupimwa dukani vikafungwa kwenye kikaratasi, kwa jina la "dawa ya miguu", na mtu akavimeza miaka bila kujua anameza nini. Mara nyingi huwa ni diklofenaki au ibuprofeni. Kundi hili la dawa za maumivu, pamoja na aspirini, ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuuamsha ugonjwa wako au kuuzuia usilale. La pili ni dawa za kupunguza asidi ya tumbo, omeprazoli na hasa lansoprazoli, ambazo mara nyingi hutolewa pamoja na hizo za magoti ili zisikuunguze tumbo. Kwa hivyo mtu huweza kuwa na wachokozi wawili kwenye kikaratasi kimoja. La tatu ni baadhi ya dawa za huzuni na wasiwasi, mfano sertralini. Na kama una sukari na unatumia metformini, hiyo nayo huendesha tumbo kwa njia yake, hata kwa mtu asiye na kolaitisi.

Mamangu, nakuomba uchukue kikapu, utie kila kidonge kilichomo nyumbani, hata vile vya kuazimwa kwa jirani, umpelekee daktari. Angalia kalenda pia: vidonge vya magoti ulivianza lini, na kuendesha kulianza lini? Kama kimoja kilitangulia kingine kwa miezi michache, hiyo ni habari kubwa kuliko gluteni. Dawa za magoti ulizojinunulia unaweza kuziacha leo ukatumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Lakini kama kuna aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, au dawa ya huzuni, usiiguse mpaka daktari aseme. Dawa za huzuni zikikatwa ghafla humtesa mtu. Kama kuna sigara nyumbani mwako, nayo imo katika wachokozi.

Tuje kwenye sahani. Uliila harusini ukailaumu ngano. Hebu tuitazame vizuri, kwa sababu wewe ndiye unayeijua kuliko mimi. Hamri ni ngano, ndiyo, lakini pia limezama kwenye mafuta ya karai. Mbaazi zina sukari za aina ambayo matumbo yetu hayana kimeng'enya cha kuzivunja. Zinashuka nzima mpaka utumbo mpana, huko zinachacha na kuvuta maji. Ndiyo maana hata mtu mzima wa afya hujaa gesi kwa mbaazi. Mchuzi wa mbaazi una vitunguu, na vitunguu vina sukari nyingine ya namna hiyo, fruktani, ambayo na ngano yenyewe inayo. Chai ilikuwa ya maziwa, na watu wengi wa Afrika wakishakuwa wakubwa hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Mafuta nayo: baadhi ya wenye kolaitisi hii wana tatizo la nyongo kuteremka mpaka utumbo mpana badala ya kurudishwa na utumbo mwembamba, na chakula cha mafuta mengi huifungulia nyongo hiyo mlango.

Kwa hivyo siku tisa ulizoacha mahamri, uliacha nini hasa? Naamini uliacha na mbaazi, maana nani anakula mbaazi bila hamri. Huenda na chai ya maziwa ilipungua, na karai ulikaa nalo mbali. Uliviondoa vitu vinne, mpwa wako akakitaja kimoja. Siku ya harusi vyote vinne vilirudi pamoja, na vidonge vya magoti vikiwa cha tano. Sisemi ngano haina hatia. Nasema hatujamsikiliza shahidi hata mmoja. Tena ugonjwa huu una desturi ya kulala na kuamka wenyewe, na siku tisa ni chache mno kuamulia jambo la maisha.

Mpwa wako lakini hakulitoa hewani neno lake. Kuna ugonjwa mwingine uitwao siliaki, ambao gluteni ndiyo mzizi wake. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, ndiyo inayoufanya unga ukikandwa uvutike. Kwa mwenye siliaki, mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huharibu utumbo wake mwembamba. Aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, baada ya miaka mingi ya kuwaondolea watoto mkate na kuwarudishia huku akiandika uzito wao na choo chao. Umeona alivyofanya? Aliondoa, akarudisha, akapima. Nitalirudia hilo mbele.

Wenye kolaitisi ya hadubini hupatikana na siliaki mara nyingi kuliko watu wengine. Ndiyo sababu miongozo ya madaktari husema kila mwenye ugonjwa wako apimwe siliaki. Kipimo ni cha damu. Andika kwenye karatasi uwape maabara: tTG-IgA, pamoja na jumla ya IgA. Cha pili ni muhimu, kwa kuwa wako watu ambao miili yao haitengenezi IgA, aina moja ya kingamwili, na kwao kipimo cha kwanza hutoka safi kwa uongo. Kama hospitali iliyo karibu nawe haikifanyi, damu inaweza kutolewa Lamu ikapelekwa maabara kubwa, huna haja ya kusafiri nayo.

Na sasa utaelewa kwa nini nimekwambia usiache ngano. Kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa kuchokozwa na gluteni. Ukiacha ngano kwa miezi, kingamwili hupungua na kutoweka, kipimo kinatoka safi, na hakuna atakayejua kama una siliaki au huna. Ukitaka kupimwa baadaye itabidi urudi kula ngano kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki sita, huku tumbo linakutesa. Nimekutana na watu waliofika hapo, na wengi wao hawakuweza. Siku zako tisa hazijaharibu kitu. Rudi kula hamri moja asubuhi na chapati jioni, katolewe damu, kisha tuzungumze. Kipimo kikisema ndiyo, daktari atataka kukata vinyama vya utumbo mwembamba kwa kamera ya kupitia mdomoni ili athibitishe. Hapo pia uwe bado unakula ngano.

Ikithibitika ni siliaki, basi, mamangu, ngano inaondoka kwa maisha yako yote, na mzaha hakuna. Chakula huhesabiwa hakina gluteni kikiwa na chini ya miligramu 20 kwa kila kilo, na hicho ni kiasi kidogo kuliko kinachobaki kwenye ufa wa chano cha mbao. Utahitaji chano chako, mwiko wako, kifumbu chako, na mafuta ambayo hayajakaangiwa hamri wala sambusa. Vumbi la unga unalolivuta alfajiri humezwa pamoja na mate, kwa hivyo biashara ya mahamri ingebidi uiachie mikono mingine. Lakini hapo bado hatujafika, na wengi wenye ugonjwa wako hawafiki.

Kipimo kikisema huna siliaki, basi nitakuwa mkweli kwako. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kuacha gluteni huituliza kolaitisi ya hadubini kwa asiye na siliaki, na miongozo ya Ulaya na ya Marekani haimwamuru mgonjwa chakula maalumu. Wakati huo huo wako wagonjwa wanaosema wamepata nafuu kwa kuiacha ngano, na mimi siwaiti waongo. Huenda kwa baadhi yao ni ile fruktani, na gluteni inabebeshwa mzigo usio wake. Njia ya kujua yaliyo yako ni moja, ile ya Dicke: ondoa, rudisha, pima.

Chukua daftari la shule. Kila siku andika umekwenda choo mara ngapi, na mara ngapi kilikuwa maji matupu. Madaktari huhesabu ugonjwa umeamka ikiwa, kwa wastani wa wiki, unakwenda mara tatu au zaidi kwa siku, au hata mara moja tu kwa siku lakini ni maji. Umelala ikiwa uko chini ya vyote viwili. Anza kwa wiki mbili za kuandika bila kubadili chakula, vidonge vya magoti vikiwa vimeachwa. Huenda hapo tu ukashangaa. Kisha toa maziwa peke yake, wiki mbili. Chai ya rangi kwa tangawizi haijamuua mtu, na maziwa yaliyoganda vizuri wengi huyavumilia. Maziwa yakionekana hayana neno, yarudishe, ndipo utoe ngano peke yake, wiki nne hadi sita. Mbaazi ziache mahali pake, kiasi kile kile, siku zile zile. Hapo ndipo penye ugumu, najua, kwa sababu mazoea yataziondoa zote pamoja. Zile kwa vitumbua au kwa wali. Wiki hizo zikiisha, rudisha ngano kwa wiki nzima, usome daftari. Tumbo likiamka, tulia, iache tena, uone kama linalala. Likiamka mara ya pili kwa ngano hiyo hiyo, basi umepata jibu lako, na halihitaji ruhusa ya mtu.

Kuna tofauti moja kubwa hapa. Asiye na siliaki hana haja ya kuogopa chembe. Ukikanda unga wa kuuza, ukanawa mikono, hukudhurika. Ukila kipande harusini, utaendesha siku mbili, utumbo haukuharibika kwa hilo. Kwa hivyo hata ngano ikionekana ina hatia kwako, karai lako linaweza kuendelea kukulisha. Wewe tu usionje.

Utakula nini? Hapa nafurahi, maana Lamu haikuzaliwa na ngano. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, sima, uji wa mtama na wa wimbi: hakuna gluteni hata chembe. Mkate wa kumimina ni mchele na nazi na hamira na iliki. Vibibi ni mchele. Vitumbua ni mchele, ingawa siku hizi wengine huchanganya unga wa ngano ili vifure haraka na mchele usiliwe sana, kwa hivyo vya kununua uliza, na bora upike mwenyewe kwa mchele uliolowekwa usiku. Mkate wa mofa asili yake ni mtama. Bibi yangu alikuwa akiukandika kwenye mofa la udongo mkono ukiwa umelowa maji, na harufu yake bado naikumbuka. Wa sokoni leo unaweza kuwa umetiwa ngano nusu. Muulize anayeuza ni unga gani, naye mwanamke wa Lamu hatakuficha.

Pa kuangalia ni hapa. Tambi, spageti, kaimati, bokoboko na mkate wa mayai ni ngano. Viazi vya karai mara nyingi huvikwa unga wa ngano, na bajia za dengu huongezwa. Haluwa hutegemea wanga uliotumika. Unga wa uji wa kuchanganywa wa pakiti huweza kuwa na ngano au shayiri, soma ubavuni. Vidonge vya kuungia mchuzi pia, soma. Mtama wako ukiupeleka kwenye kinu cha mtaa kilichotoka kusaga ngano, utarudi na ngano yake. Kwa siliaki hilo ni tatizo, kwa asiye nayo si kitu.

Jambo moja watu hulisahau wakiacha ngano. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini, pamoja na foliki asidi. Mchele na mtama wa kusaga nyumbani hauna nyongeza hiyo. Mtu anayeendesha miaka miwili tayari amepungukiwa, kwa hivyo usiiache sima ya unga wa pakiti, na kula mchicha, matembele, mayai, na dagaa wanaotafunwa na miba yao, kwa ajili ya mifupa. Mwambie daktari akupime damu kama imepungua, siku hiyo hiyo ya kipimo cha siliaki.

Wiki ambazo tumbo limechachamaa, chakula chako kiwe chepesi kuliko siku nyingine. Tumia tui la pili, kasimele, lile tui zito la kwanza, iwekee wageni. Samaki achemshwe au achomwe. Mbaazi zilowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, na uzile kijiko tatu badala ya bakuli. Maembe yetu yanajulikana pwani nzima, lakini sukari yake kwa tumbo lililo wazi ni kuni. Kipande kimoja, si embe zima. Kahawa chungu ya barazani huharakisha utumbo hata wa mzima, ipumzishe. Maji ya chumvi na sukari ndiyo dawa ya kwanza: pakiti ya ORS kutoka dukani, na ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dafu ni zuri kwa potasiamu, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hivyo usilitegemee peke yake siku ya kuendesha mara nane.

Kuhusu budesonidi, usione kwamba umeshindwa kwa sababu ugonjwa ulirudi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hurudiwa baada ya kuiacha. Kawaida hutolewa miligramu 9 kwa siku kwa wiki sita hadi nane, na ikirudi, daktari huweza kukuanzishia tena kisha akakuacha kwenye kiasi kidogo zaidi kinachoutuliza ugonjwa, kwa miezi. Dawa hii hufanya kazi kwenye utumbo, na sehemu kubwa ya inayoingia kwenye damu huvunjwa na ini, ndiyo maana madhara yake ni machache kuliko steroidi nyingine. Ikitumika muda mrefu, mifupa iangaliwe. Hakikisha ni kapsuli ya utumbo. Budesonidi ya pumu, ile ya kuvuta, jina ni hilo hilo lakini haifiki unakoihitaji, na duka la dawa likikwambia ni mamoja, ondoka. Na ukiwa unaitumia, balungi usile wala usinywe maji yake, kwa sababu huizuia dawa isivunjwe ikajaa mwilini. Kama budesonidi haikutulizi, mkumbushe daktari habari ya nyongo. Kuna unga wa kolestiramini unaoishika.

Hukuniuliza kuhusu Ramadhani, lakini najua itakuja. Anayeendesha mara sita kwa siku bila maji anaweza kuumia figo, na mgonjwa ana ruhusa yake. Zungumza na daktari na sheikh wako mapema, usingoje mpaka uanguke. Ugonjwa ukiwa umelala na daktari ameridhia, dawa ya asubuhi huweza kunywewa wakati wa daku.

Ukiona damu kwenye choo au homa, hayo si ya kolaitisi hii, na mwili ukipungua upesi nalo si jambo la kungojea. Nenda hospitali siku hiyo.

La mwisho ni safari, maana ukirudi Mombasa kwa daktari itabidi uvuke mpaka Mokowe, kisha basi la Witu na Garsen, na najua mama wengi ambao hukosa miadi kwa sababu ya aibu ya kumsimamisha dereva njiani. Ikiwa huna homa wala damu, na daktari wako ameikubali, meza loperamidi, dawa ya kuzuia kuendesha, kidonge kimoja cha miligramu 2, saa moja kabla ya kushuka bandarini. Asubuhi hiyo kula wali mkavu au ndizi ya kuchemsha, chai ya rangi kikombe kimoja. Chukua ORS kwenye chupa, nguo ya kubadili, na lile daftari. Daktari akiliona daftari la wiki sita, atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa.